Miko ya Ghala la Kahawa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo tumemaliza miko yote ya oda. Imependeza hiyo — myekundu, mizito, haina tundu hata moja la mdudu bungua. Othmar, fundi wetu, anasema tangu aanze kuchonga mbao chakavu hajaona mbao safi hivi. Ni nguzo za ghala la kahawa la marehemu mzee Isidori kule Maguu, baba yake Notburga, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake. Wanunuzi wetu wa ng'ambo, wale wa biashara ya haki, hawataki mti ukatwe, wanataka mbao zilizokwisha kazi yake. Basi ghala likabomolewa, sisi tukapata kazi. Dada Lidia wao anafika Mbamba Bay Jumamosi kukagua. Akiridhika, maboksi yanapanda gari siku hiyo hiyo. Nimeimba mpaka Othmar kaniomba ninyamaze.

Jumatano, 11 Juni

Sokoni nimemkuta Serafina, yule anayeshusha maharage kutoka Maguu. Nikaanza kujisifia miko yetu. Kauliza mbao za wapi. Nikamwambia. Akaacha kupima maharage.

Halafu kasema mzee Isidori dawa ya kupulizia kahawa ikibaki alikuwa anazipaka nguzo zile. Kila msimu. Ndo maana mdudu hakai. Kuku wakidonoa pale chini wanakufa.

Sumu. Na miko ni ya kusongea ugali.

Nimerudi bila usipa, dagaa wetu wa ziwani, niliotumwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Othmar. Kacheka. "Mama Kilian, Pasaka ulitangaza nimeoa mke wa pili Mbinga mjini. Nionyeshe basi, hata mi namtafuta."

Ndo shida ya mdomo wangu. Nikisema mvua inanyesha, watu wanatoa mkono nje kwanza.

Nikaenda kwa Notburga. Huyu hakucheka. Kasema baba yake alipaka chokaa tu, Serafina ana wivu, na wanawake wote wa kikundi wanaitegemea oda hii, na mimi nikiwemo. "Ukifungua mdomo mbele ya mgeni, Mama Kilian, usikanyage tena karakana." Alivyosema taratibu ndo kanitisha.

Labda kweli chokaa. Chokaa inaua kuku? Nimemuuliza mume wangu, kasema nilale.

Ijumaa, 13 Juni

Tumefunga maboksi. Sijaongea siku nzima. Wameniuliza kama ni malaria.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika hapa jiko la karakana, wenzangu bado wako nje wanakula.

Dada Lidia kaja, shikamoo kwa kila mtu, msichana mzuri jamani. Kashika mwiko, kaunusa, kasema watoto wa kwao watakunywa uji kwa raha. Notburga akadakia, mgeni lazima ale, ugali usongwe kwa mwiko mpya, na Mama Kilian ndo asonge. Wote makofi.

Nikafunga mlango wa jiko. Moshi usimfikie mgeni, nikasema. Nikasonga kwa mwiko wangu wa zamani. Ule mpya nikaupakaza ugali kidogo, nikatoka nao mkononi kila mtu auone. Sijamwambia mtu.

Watu wakanawa. Dada Lidia kamega tonge. Othmar kamega, kaongeza. Notburga kachukua samaki, mbasa mmoja. Nikamsogezea ugali.

"Nimeshiba."

Kachukua mbasa mwingine, kala mpaka miba. Ugali hakugusa. Na mgeni kila akimega, Notburga anaangalia ziwani.

Chokaa gani hiyo. Anajua. Tangu mwanzo anajua.

Nimekimbilia huku, eti naleta maji. Gari la maboksi limeshafika, namsikia Othmar anamwambia dereva arudi nyuma kidogo. Dada Lidia anacheka.

Hizo ndala zinazokuja ni za Notburga. Mwiko wangu wa zamani uko kwenye sufuria, umejaa ugali. Sijauficha. Na siufichi, auone ajue kwamba najua.

Anauliza kwa nini maji yamechelewa.

Nimemjibu ingia, Mwenyekiti, halafu funga mlango.