Nyuki wa Kiwandani

Misigiri, 11/11/2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo Manyoni? Mguu wako umepoa? Mimi mzima, ila leo nimejaa furaha!

Kiwanda chetu cha mafuta kilitaka kufyeka pori lote la nyuma, kipanue uwanja wa malori. Kwenye kikao nikasimama. Nikamwambia meneja wetu, Bwana Benson, "Wakulima wanatuletea alizeti mapepe, punje zisizo na kiini, kwa sababu nyuki wamekwisha. Tukifyeka na hapa, msimu ujao tutakamua maganda." Akasema, "Damari, nakupa msimu mmoja. Nionyeshe." Baba, nianzie wapi?

Mwanao,
Damari

Manyoni, 20/11/2024

Mwanangu Damari,

Marahaba. Mguu unauma bado, lakini barua yako imenisimamisha.

Nimepakia mizinga sita kwenye basi, na nta ya kupaka ndani ili iwavute nyuki. Itundike kwenye migunga, na maji yasikosekane. Ila ndani ya uzio wa kiwanda pekee ni kazi bure. Nyuki anakula mbali, na mkulima akipuliza dawa mchana, anamuua akiwa kwenye maua. Kampuni itoke ikaongee na watu.

Baba yako,
Hezekia

Misigiri, 2/6/2025

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu, nilikuwa vijijini. Bwana Benson mwenyewe alizunguka vijiji vinne akiwaomba wakulima wapulize dawa jioni na waache ukanda wa pori kando ya mashamba. Mzee mmoja, Gasto, akamcheka: "Kiwanda kimeanza kuhubiri vichaka?" Jana huyo Gasto ndiye kaleta gunia la kwanza. Meneja akapasua punje kwa kucha. Imejaa! Akapasua nyingine, na nyingine, akaanza kucheka kama mtoto. Mizinga mitano ina nyuki. Pori halifyekwi! Na kampuni imeahidi kutunza na pori la vijiji hivyo, kando ya mto.

Bwana Benson anataka uje uwafundishe wakulima. Gari linakuja Alhamisi ya wiki ijayo.

Mwanao,
Damari

Manyoni, 4/6/2025

Damari,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, tena sana.

Nilimsomea mama yako barua yako, naye akawasomea wafugaji nyuki wenzangu. Mwambie Bwana Benson asilete gari dogo. Tuko kumi na wanne, na mama yako tayari amevaa viatu vya kanisani.

Baba yako,
Hezekia