Pongo wa Baba Ndani ya Miwani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla baba yangu hajanisusa kabisa. Nina chumba hapa Ngara mjini, karibu na stendi, nimekifanya bustani ya wanyama ya kidijitali, yaani mtu anavaa miwani anajikuta porini, tembo anampita, chui anashuka mtini, na hakuna mnyama aliyefungwa popote, wazo lilinijia siku nilipoona tumbili kizimbani watoto wanamrushia maganda naye anazunguka tu mpaka nikalia. Wanafunzi wanapapenda, hasa pale chui anapomkamata pongo, yule swala wa vichakani, wanapiga kelele mpaka bodaboda wanachungulia. Basi baba, mzee Bonaventura, akaja kutoka Kibimba kuona kazi yangu, nikamvika miwani kwa furaha, nikasahau kwamba pongo ni mwiko wa ukoo wetu, hatumli wala hatumuui, babu alikuwa akimwita ndugu. Baba akavua miwani taratibu, akasema, "Mwanangu, ndugu yako anararuliwa, na wewe umekaribisha watu watazame?" Akaondoka bila kula. Sasa nikimpigia simu anaitikia marahaba, anakata. Mume wangu anasema ni picha tu, mzee atazoea, na mimi naogopa nikiitoa sehemu hiyo wateja watakimbia. Nifanye nini?
Jovina, Ngara

Jovina, pole sana, ila na mimi acha nikuseme kidogo. Kama ni picha tu, mbona wanafunzi wanapiga kelele? Huwezi kuwaambia wateja kwamba wako porini kweli, halafu baba yako umwambie hakuna alichokiona.

Hujamuua pongo, kwa hiyo usijitese. Kosa lako ni kumvika mzee miwani bila kumwambia atakutana na nani. Tena ulimlilia tumbili wa watu, huku ndugu yenu anakufa kila mteja akivaa miwani. Hapo umeniudhi.

Na usimtafutie chui mnyama mwingine wa kumla, maana huyo naye ana ukoo wake, na wenyewe watakuja na watoto kutoka Biharamulo. Bustani umeitengeneza wewe. Mfanye pongo amponyoke chui. Kelele zitakuwa zilezile, pengine zaidi.

Simu iache, nenda Kibimba mwenyewe. Mwamkie, kaa chini, omba radhi, na miwani usiitaje mpaka aulize yeye. Akiuliza, mwombe akueleze pongo akifukuzwa anapita wapi na anajificha wapi, kisha utengeneze hivyohivyo. Siku atakayokubali kuivaa tena, mshike mkono, amwone ndugu yake akienda zake.