Kona ya Kitambaa cha Golbahar

Isfahan,
12 Mehr

Dada yangu mpenzi Purandokht,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa bibi harusi wetu Golbahar. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji ameacha chumvi kama daktari alivyomwagiza, au bado anaificha kabatini? Huku mto umekauka tena, na mume wangu Siyavash anakusalimu. Mimi ningeandika kwamba sijambo, kama ninavyoandika kila mara, lakini leo neno hilo limenishinda.

Nimepata ujumbe wako kwamba siku ya ndoa nishike kona moja ya kitambaa juu ya vichwa vya maharusi, wakati wanawake wengine wakisugua sukari juu yake ili ndoa iwe tamu. Umesema hutaki mtu baki, maana mama hayupo na ni mimi niliyebaki. Nililia kwa furaha, halafu nikaingiwa na hofu ambayo haijaniachia. Kushika kitambaa ni kusimama robo saa bila kuegemea kitu, mikono juu, macho juu, miguu imebanwa na msongamano wa watu, na mbele yako kuna kioo na mishumaa inayowaka. Kwako hiyo si kazi. Kwangu ni kazi kubwa, dada, kwa sababu nina em-es, ule ugonjwa unaokula ngozi ya mishipa ya fahamu, kama wa binti wa mwalimu Hushang jirani yetu. Huu ni mwaka wa tatu, na katika ukoo wetu Siyavash peke yake ndiye anayejua. Niliogopa watu wa upande wa bwana harusi wakisikia watasema ukoo wetu una maradhi, na Golbahar akose mume kwa ajili ya miguu ya mama yake mdogo.

Mwezi wa Tir, miezi mitatu iliyopita, nilianza kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi Kiyanfar, mwanamke mfupi mwenye sauti ya muuza matikiti. Mwanzoni nilijiponza mwenyewe. Kila akiniuliza najisikiaje, nilimjibu kama tulivyolelewa, kwamba sijambo kwa baraka zake, asijisumbue, mikono yake isiumie kwa ajili yangu. Basi akanipa mazoezi ya watu wenye nguvu zao, na wiki ya pili nikaanguka kifudifudi juu ya godoro la sponji. Aliniinua huku akinifokea kwamba adabu hizo niwawekee wageni wangu. Yeye anataka kujua mguu upi umekufa ganzi na kizunguzungu kinaanza saa ngapi, basi. Tangu hapo namwambia ukweli, na sikujua kwamba kusema ukweli kunachosha kiasi hiki.

Ananisimamisha juu ya sponji pekupeku, miguu pamoja, kisha ananiambia nifumbe macho. Hapo ndipo roho inaponiruka. Nikishafumba macho sijui tena miguu yangu iko wapi. Yeye anasimama nyuma yangu, mikono tayari kunidaka, akinitania kwamba hata bibi yake wa miaka tisini ananishinda. Nilipomweleza habari ya kitambaa alicheka, halafu akaleta shuka, akaifunga upande mmoja dirishani, tukaanza zoezi la harusi. Siku ya kwanza nilisimama sekunde kumi na moja. Juzi nilifika dakika sita. Hajanificha kwamba ugonjwa hauondoki kwa mazoezi, ila anasema mwili unaweza kufundishwa kujishika kabla haujaanguka.

Lakini siku hiyo ya juzi aliniuliza pia kama nimewahi kuanguka nikiwa na mtu, na kama mtu huyo aliumia. Nilishuka kwenye sponji nikaanza kuvaa viatu, naye akaahirisha zoezi.

Dada, kaa chini kwanza.

Mama hakuteleza. Nilikuwa nimemshika mkono tukishuka ngazi za uani, na mguu wangu wa kushoto ukalegea ghafla. Nilianguka mimi, nikamvuta yeye. Nilijua naumwa, na bado nilijifanya fimbo yake. Hospitalini, kabla sijafungua mdomo, mama alimwambia daktari kwamba ngazi zilikuwa na maji, akanibana kidole chini ya shuka. Aliniokoa, nami nikakubali kuokolewa. Baada ya miezi miwili tukamzika. Ulipouliza ni nani aliyeosha ngazi siku ile nilinyamaza, na wewe ukamfukuza Bi Sedighe mbele ya waombolezaji wote, yeye aliyemfanyia mama usafi miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika sinia la tende.

Jana nilikwenda kwake. Nilimweleza yote nikiwa nimeegemea mlango, maana nilishindwa hata kuketi. Hakunitukana. Alisema siku ile hakuosha ngazi kabisa, kwa sababu maji ya mtaa mzima yalikatika tangu alfajiri, na mwaka wote huu amekuwa akingoja mmoja wetu akumbuke. Kisha akaniuliza mguu sasa unaendeleaje. Nilitamani anizabe kofi.

Naogopa jibu lako, dada, kuliko ninavyoogopa kufumba macho. Ukitaka kona ile ashike mwingine, nitakaa nyuma na kuwaombea heri maharusi. Ukinitaka, basi waambie wakwe kuhusu ugonjwa wangu kabla ya siku yenyewe, maana sitaki tena kusimama juu ya uongo. Vyovyote utakavyoamua, simu ya kwanza usinipigie mimi. Mpigie Bi Sedighe.

Nibusie Golbahar macho yote mawili, na shemeji mwambie nimemwombea afya. Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako anayekupenda,
Mahrokh