Mama, Kesho Nitakukana kwa Kalamu

Kwako Mama Mwamini, unayelala mahali nisikoruhusiwa kukaa nawe,

Unaikumbuka Jumamosi ile saluni, hapa Greyville, mtaa wetu wa ugenini, ulipokuwa ukimsuka mteja nami nikikariri somo langu la chuo? Kilikuwa kitenzi cha Kislavi cha awali, lugha iliyozaa Kipolandi, Kiserbia na Kicheki: dati, yaani kutoa. Damь, natoa. Dasi, unatoa. Dastь, anatoa. Ukaniuliza nani alikiandika. Nikajibu: hakuna. Waliokisema hawakuacha hata herufi moja. Wataalamu wamekijenga upya kwa ushahidi wa watoto wake: Mpolandi husema dam, Mserbia dam, Mcheki dám. Mzizi wake wameufuata hadi kwa bibi wa lugha nyingi za Ulaya na Uhindi. Mbele yake huweka nyota ndogo, kukiri kwamba hati haipo.

"Hakuna mutu mwenye aliisikia, na munaiamini?" Ulicheka hadi kitana kikakuponyoka. "Basi ile neno iko na papier, makaratasi, kunishinda miye!"

"Mama Dokta," mteja akakuchokoza kwa ajili ya masomo yangu, "muombe binti yako akuwekee nyota!"

Mteja hakujua. Mimi nilijua. Kadi yako ya utambulisho iliungua pamoja na nyumba yetu, ukavuka mpaka kama mkimbizi na kadi ya marehemu mdogo wako, Feza. Kwenye faili ukawa Feza, na kwa kuwa vyeti vyetu vya kuzaliwa vilimtaja Mwamini, sisi watatu ukatuandikisha kuwa watoto wa dada yake huyo, asiyejulikana alipo. Ulijipoteza mwenyewe katika maandishi ili tusitenganishwe nawe.

Jumatatu moyo wako ulisimama. Tangu hapo nimekwenda chumba cha maiti mara tatu, kudai nikuchukue kama binti yako. Mimi niliyeshika kipaza sauti kwenye lango la chuo wakati wa mgomo wa wanafunzi, niliyekataa kila karatasi ya maridhiano, nimeigonga meza yao hadi kiganja kikavimba. Nimewapeleka wadogo zangu. Tazameni paji hili! Tazameni mwanya huu! Kitenzi kisichosikiwa na yeyote kinathibitishwa na watoto wake. Mwanamke aliyetuzaa akose thamani hiyo?

Karani hakuwa mtu mbaya. "Eish, sisi, dada yangu, sura naiona," alisema. "Lakini faili linasema wewe ni mpwa wake. Saini kama mpwa, umchukue. Kesho ikipita, manispaa itamzika."

Sina wakili, Mama. Sina siku nyingine. Hotuba zangu zote hazikuweza kufungua mlango mmoja. Kesho asubuhi nitaandika "mpwa", na msalabani wataandika Feza.

Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, hata kama itatugharimu vibali vyetu. Anayeisoma na ajue: katika kaburi hilo amelala Mwamini, msusi, mama wa watoto watatu. Pawepo mahali pamoja duniani palipoandikwa hivyo.

Pumzika, Mama. Usiutazame mkono wangu kesho.

Ni mimi, kifungua mimba wako.