Nilibonyeza Peke Yangu

Semarang, Jumatatu

Mwanangu Laksmi,

Paka uliyeniachia amenenepa kama bosi wetu, ila yeye walau hukamata panya.

Uliniambia, "Baba Mkubwa, programu yetu ya zahanati, tuliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Java, ina kitu kimoja tu cha kushikia jina la mgonjwa, na sehemu zote zinapewa hichohicho. Watu wawili wakiitumia kwa wakati mmoja, majina yatachanganyika. Jaribuni wawili, mbonyeze pamoja."

Nikakujibu, "Mkono mmoja wa kazi, mwingine wa kahawa." Nikabonyeza peke yangu, nikatia saini kwamba ni salama.

Kule zahanati wauguzi wawili wakabonyeza pamoja. Dawa ya mgonjwa mmoja nusura ainywe mwingine. Lawama ikakuangukia wewe, ukafukuzwa. Mimi nikanyamaza na kahawa yangu.

Leo nimemwambia bosi ukweli: ulinionya, nami nikajaribu peke yangu. Akaniuliza, "Miezi minne ulikuwa wapi, mzee?" Nikamwekea mezani ile karatasi yenye saini yangu.

Baba yako mkubwa,
Suroto