Sweta Langu la Kijani na Nzi Wako wa Mwisho

Mume wangu, Baba Sefu,

Mi ninaongea, mjukuu wetu Zaina anaandika. Nimemkataza kurembesha. Kusoma sikusoma, wajua, lakini nina maneno ya kukwambia, hapo ulipo, Mungu akuweke pazuri.

Kwanza ya nyumbani. Mtaa wetu wa Nyamugari uko vilevile. Cherehani yako iko palepale barazani, mwanao Sefu anashonea, na wateja anawaambia "njoo kesho" kama ulivyomfundisha. Magoti yanalalamika nikipanda kwenda Magarama, lakini nafika. Nakula, nalala, nacheka. Usihangaike nami.

Ninalotaka kukuambia ni la ile fimbo yako ya kuvulia.

Unakumbuka ulivyorudi nayo kutoka Muyinga? Ulikwenda kuchukua vitambaa kwa Bwana Karim, yule Mhindi wa butiki karibu na soko. Ukashuka kwenye lori na vitambaa kidogo na mfuko mrefu wa turubai. Nikafurahi, nikadhani umeniletea mwavuli. Kumbe ndani mna vipande vya mwanzi, vimepasuliwa vyembamba vikaunganishwa tena kwa gundi, vinachomekana kimoja ndani ya kingine, na kigurudumu cha chuma chenye uzi wa hariri. Fimbo ilikuwa mali ya mjomba wake Karim, aliyevua nayo Kenya. Karim mwenyewe aliogopa maji. Nikakuuliza kama jioni tutakula hariri.

Halafu ikaanza hadithi ya samaki aitwaye bas. Jina hilo nimelisikia zaidi kwenye mkeka wangu kuliko jina la mama yako. Samaki wa Amerika, mdomo kama ndoo, na mtoni kwetu hatujamwona hata mmoja. Ulinihadithia alivyokuhadithia Karim: wenyeji wa kule walikuwa wakifunga manyoya ya paa kwenye ndoana zamani. Wazungu walipokuja wakamdharau bas, wakasema samaki wa heshima ni yule wa maji baridi waliyemzoea kwao. Baadaye wakampenda hadi wakampandisha treni, ndani ya tangi la maji la injini, wakamtia kwenye mito asikokuwako. Wengine wakavushwa bahari mpaka ziwa moja la Kenya, ndiko mjomba wa Karim alikowakuta. Nikakwambia samaki kupanda treni ni maneno ya kuuzia vitambaa. Zaina ameuliza kwenye simu yake, anasema ni kweli. Haya, hapo umenishinda.

Ukaanza kufunga nzi wako wa manyoya kwenye ndoana, chambo cha uongo. Uzi ulikuwa wa cherehani, manyoya ya shingo ya jogoo wangu mwekundu. Maskini yule jogoo, alizunguka mtaa mzima shingo wazi, majirani wakaniuliza anaumwa nini. Hariri ukaipaka samli ielee, nyumba ikanuka kama harusi. Nzi hana uzito, ulinieleza, kwa hiyo uzi ndio unaombeba, na uzi lazima uufundishe kuruka. Ukaufundishia barabarani. Watu walipita wameinama, wakisema fundi amegombana na upepo.

Lakini kilichonichekesha ni ile haya yako. Wewe, uliyemwambia bibi harusi nguo iko tayari na kitambaa hujakikata, uliona haya kumdanganya samaki. Ulikosa usingizi. Ukaenda kumuuliza sheikh kama ni dhambi kumpa kiumbe wa Mungu nzi asiye nzi. Sheikh akakutazama weee, akasema, "Fundi, na anayempa mnyoo wenye ndoana, huyo amemkaribisha chakula? Kavue. Na mi uniletee."

Ukavua. Tulikwenda pamoja mto Ruvubu, upande wa Muyinga, mi nimekaa mbali na maji kwa ajili ya viboko, we umesimama unapeleka uzi mbele na nyuma, polepole, kama unapiga pasi hewa. Samaki wa magamba na sharubu walimfuata yule nzi wako kama wamelogwa. Sikuwahi kukwambia ulipendeza. Ulipendeza.

Na miaka hiyohiyo sweta langu la kijani likaanza kufupika mkono. Baridi ya Gitega ya mwezi wa sita unaijua. Nikakuuliza, we ndiye fundi. Ukashika ule mkono, ukautazama kama daktari, ukasema, "Sufu hii inapungua ikifuliwa, mama. Usiifue sana." Nikaacha kuifua. Nikalivaa linanuka moshi, kiwiko nje.

Sasa sikiliza. Zaina alikuja kutoka Muyinga baada ya Idi, akasema anataka kuvua kwa fimbo ya babu. Fimbo iko nzima, lakini kwenye kopo lako amebaki nzi mmoja, wa mwisho uliyemfunga kwa mkono wako. Sefu akasema huyo hatoki, ni ukumbusho, atawekwa kwenye kioo. Zaina akasema akimtumia, nzi atanasa mtini apotee, na kumwiga hawezi, hajui huyo nzi ndani ana nini. Wakanigeukia.

Nilikaa naye kiganjani mchana mzima, Baba Sefu. Ndicho kitu pekee kilichobaki ulichokianza ukakimaliza bila kumwambia mtu njoo kesho. Lakini nilikumbuka suruali ya mtumba ikikushinda ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa unaifumua, unaisoma mshono kwa mshono. Nikachukua sindano yako, nikamfumua mbele yao. Sefu akatoka nje.

Yakatoka manyoya ya jogoo. Ukatoka uzi mweusi. Chini kabisa, kwenye chuma cha ndoana, umezungushwa mviringo mviringo, ukatoka uzi wa sufu ya kijani.

Nikaenda kulileta sweta. Tukaweka uzi juu ya mkono ule mfupi. Nikacheka hadi Sefu akarudi mbio akidhani nalia. Mwizi we! Kwa ajili ya samaki ulikwenda kwa sheikh, mimi ukaniambia nisifue! Kwa hiyo samaki wote tuliokula, na aliokula sheikh, walilifuata sweta langu.

Nimejifunza ulivyokuwa ukimfunga nzi, mwanzo hadi mwisho, na Zaina amejifunza. Juzi tumekwenda mtoni. Amekosa, amekosa tena, amenasa mti, kisha akanasa mmoja wa sharubu, mkubwa. Tumemla kwa Sefu, na Sefu aliomba kichwa.

Kwa hiyo usisikitike kwamba nzi wako hayupo. Wako wengi sasa. Mkono wa kushoto wa sweta umekwisha, nimeukata mwenyewe, na nimeanza wa kulia. Pumzika, mwizi wangu. Baridi siisikii.

Mkeo,
Mama Sefu