Saumu ya Kliniki

Mama,

Salamu zikufikie huko uliko, pamoja na shikamoo yangu isiyoitikiwa tena. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kliniki ya sukari, upande wa ukutani, mahali pako. Riziki ameingia chooni na kikopo cha kupimia mkojo. Naam, Mama, mdogo wangu naye anayo. Iligunduliwa baada ya figo kukuondoa.

Juzi alfajiri niliingia jikoni nikakikuta kikombe chako cha buluu kimefunikwa juu ya kisahani, vile ulivyokuwa ukikifunika kila kliniki ilipokaribia. Sikuthubutu kugeuka, nikihofia kukuona umeketi kwenye kibao cha mbuzi, unakuna nazi. Ndipo Riziki akasema nyuma yangu, "Dada, usinimiminie chai. Kliniki kesho kutwa. Sista hanipati mimi!"

Maneno yako, Mama. Hata kicheko.

Tuliiita saumu ya kliniki, unakumbuka? Siku chache kabla ya kupimwa uliacha mahamri, wali, hata ndizi, kisha ukarudi kutoka kliniki ya Msambweni ukitembea kwa madaha: "Sista kanambia, Bi Mishi, wangekuwa wote kama wewe ningelala!" Jioni hiyohiyo samaki mkavu, ng'onda, alirudi sahanini na chumvi yake yote, na chai ikakolea sukari. Kidole kilichotobolewa kilikuwa kimesema kweli ya siku zile chache tu. Figo ziliishi nawe siku zote zilizobaki.

Nimesoma mengi tangu tukuzike, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyosita. Sukari inayokaa juu kwa miaka huziumiza figo, hata mkojo ukatoka na povu. Presha nayo huziumiza, nawe vidonge vyake ulivimeza kichwa kilipokugonga tu. Kuna dawa za magoti ulizozinunua dukani kama peremende. Tena kuna damu yetu: babu alikufa amevimba miguu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Lipi lilikuua? Naogopa kuilaumu saumu kwa sababu tu ndiyo niliyoiona kwa macho. Labda yote yalishikana mikono. Labda ungeondoka hata hivyo. Sijui.

Ninalolijua ni kwamba juzi palepale jikoni, nilipomuuliza Riziki kuhusu miguu yake, aliivuta leso akaifunika. Kama wewe.

Nilikiinua kile kikombe. Nikamwambia ale kama alavyo kila siku, aende na sukari yake ya kweli, na aombe apimwe presha na mkojo.

"Watanisema mbele za watu, Dada!"

"Wakuseme ungali hai."

Alininunia siku nzima. Lakini leo amevaa buibui lake, tumekuja.

Ametoka. Amekibeba kikopo ndani ya ncha ya leso kama aliyebeba yai. Nadhani naona povu. Labda ni mwanga wa dirisha. Anaomba nimpishe aegemee ukuta. Simpishi, Mama. Hapa ni pako. Yeye atakaa upande wa mlango.

Kwaheri, Mama. Mola akupe mapumziko. Nakuahidi: lolote watakalolisoma kwenye kikopo kile, nyumbani kwetu halitafunikwa.

Mwanao,
Mwanaisha